Mama mkwe wa Uvinza anataka kuiona Hallstatt: kuna nini pale zaidi ya picha?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Linz, Austria. Mwezi wa tisa mama mkwe anakuja kututembelea kutoka Kigoma. Aliona kwenye simu picha ya kijiji cha Hallstatt, nyumba zimejipanga ukingoni mwa ziwa na mlima umesimama nyuma yake, na tangu hapo kila tukiongea anakiulizia. Shemeji yangu, mwanawe wa mwisho, anaishi Munich na anasema tusipoteze nauli: eti kijiji ni cha maigizo, kimepakwa rangi kuwavutia watalii, na hata Wachina wamejenga chao kama hicho hicho. Je, kina historia yoyote ya maana? Na tukiwa na siku moja tu, tena mama goti linamsumbua, tumwonyeshe nini? Nisisahau: yeye alikulia Uvinza, baba yake alikuwa kibarua kwenye chumvi.

Jibu: Marahaba, binti. Ungeianza barua yako kwa sentensi hiyo ya mwisho, ningekujibu kwa neno moja: mpeleke. Mtu aliyekulia Uvinza ataielewa Hallstatt kwa nusu saa kuliko watalii wengi wanavyoielewa kwa siku nzima. Kijiji kile kipo pale kwa sababu ya chumvi. Bila chumvi hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angejenga hata banda la mbuzi mahali penye ufinyu kama pale. Ukishika mambo hayo mawili, chumvi na ufinyu, kila utakachokiona siku hiyo kitajieleza chenyewe: ngazi, boti, makanisa mawili, hata yale mafuvu nitakayokuja kuyataja.

Nimalizane kwanza na shemeji yako, maana mashemeji wana utani wao na najua utataka cha kumjibu. Hilo la China ni kweli. Kampuni ya huko ilijenga nakala ya kijiji katika wilaya ya Boluo, jimbo la Guangdong, ikazinduliwa mwaka 2012. Wenyeji wa Hallstatt walipata habari mwaka mmoja kabla, ujenzi ukiwa umeshika kasi. Walinakili kanisa, uwanja wa soko, na rangi za kuta. Kitu ambacho hawakukinakili ni mgodi, na mgodi ndio kijiji. Kuhusu rangi, nyumba zile za uwanja wa soko zinazopendeza kwenye picha zilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1750 ulioteketeza sehemu kubwa ya chini ya kijiji, pamoja na majengo ya kuchemshia chumvi. Hazikupakwa rangi juzi.

Sasa tuingie kwenye chumvi yenyewe.

Miaka kama milioni 250 iliyopita sehemu ile ilikuwa bahari. Bahari ikakauka, chumvi ikabaki, ikafunikwa na tabaka za udongo na mawe, kisha ardhi ilipojikunja ikainuliwa juu pamoja na milima. Ndiyo maana chumvi ya Hallstatt haiko chini ya kijiji kama mtu angedhani. Iko juu yake, ndani ya bonde dogo lililojificha mlimani, mita kama 350 kutoka usawa wa ziwa. Wenyeji wanaliita Salzbergtal, yaani bonde la mlima wa chumvi. Ukiangalia ramani ya eneo hilo utakutana na Salzburg, Hallein, Bad Reichenhall, Hall. "Salz" ni chumvi kwa Kijerumani, na majina yenye "Hall" katika nchi hizo yamezoea kukaa penye chumvi. Ni kama kwetu palipoitwa Majichumvi au Magadi, jina linakuambia kabla hujauliza.

Watu walianza lini kuifuata? Mwaka 1838 kulipatikana kule juu sururu iliyotengenezwa kwa pembe ya paa dume, ya miaka ya 5000 KK hivi. Huo ni ushahidi wa kale kuliko wote. Ila uchimbaji mkubwa, wa mashimo marefu na vikosi vya wafanyakazi, ulikuwa umepamba moto kufikia karne ya 13 KK. Hapa ndipo Hallstatt inapoachana na migodi mingine ya kale duniani. Chumvi haiozeshi kitu; inahifadhi. Kila walichokitupa wale watu mgodini, mpini uliovunjika, kipande cha nguo, kamba, kiatu cha ngozi, vijiti vya msonobari walivyowasha ili waone gizani, kimekaa humo miaka 3,000 kikiwa kama kilivyodondoka. Nguo bado zina rangi na nakshi za kufumwa. Mikoba ya ngozi ya kubebea chumvi mgongoni imetoka ikiwa na nywele za ng'ombe, na ina ufundi ambao mimi huwa napenda kuueleza: mkanda mmoja unapita begani, na upande wa pili kuna mti wa kushika. Ukifika juu unaachia mti, mkoba unajimwaga wenyewe, huna haja ya kuinama wala kuuvua.

Halafu kuna ile ngazi. Mwaka 2003 waakiolojia waliokuwa wakichimba takataka za kale ndani ya mgodi walikuta ngazi ya mbao, upana zaidi ya mita 1, urefu kama mita 8. Kwa kusoma miviringo ya miti iliyotumika, walijua kwamba miti hiyo ilikatwa karibu mwaka 1344 KK. Kwa sasa ndiyo ngazi ya mbao ya kale kuliko zote zilizowahi kupatikana Ulaya. Ila umri wake haunishangazi mimi kama akili ya fundi wake. Vidato vyake havikupigiliwa. Vimeingizwa kwenye mifereji iliyochongwa katika nguzo za pembeni, hivyo ngazi ikiwekwa kwenye mteremko mkali zaidi au wa pole, vidato vinageuzwa vikae sawa na mguu. Walikuwa wanaijenga kwa vipande na kuihamisha kadiri mgodi ulivyosogea. Seremala yeyote wa kwetu akiiona atatikisa kichwa.

Na kwa kuwa wewe ni muuguzi nitakuambia hata la chooni. Wachimbaji walijisaidia mgodini, na chumvi ikahifadhi hicho nacho. Mwaka 2021 wanasayansi walitoa matokeo ya uchunguzi wa vinyesi hivyo. Waliona mabaki ya shayiri, maharage na nafaka nyingine, na katika kinyesi cha miaka kama 2,700 wakakuta vijidudu viwili wanavyovifahamu vizuri: hamira ya bia, na kuvu anayetumika kutengeneza jibini ya rangi ya bluu. Yaani chakula cha mchana cha mchimbaji kilikuwa ni jibini na bia, na pengine sufuria la shayiri na maharage. Mapishi hayo ya mwisho yapo hadi leo kwenye hoteli za Austria, yanaitwa Ritschert, na huwekwa nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mwagizie mama. Ataonja kijiko kimoja na kukuambia ni makande.

Matajiri wa chumvi hiyo walizikwa bondeni juu, mbele ya mgodi. Mwaka 1846 msimamizi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, aliyekuwa akiishi kwenye mnara mmoja wa kale huko bondeni na watoto zaidi ya 20, alipokuwa anatafuta kokoto alikuta mifupa. Zama zile watu wa namna yake walifukua dhahabu, wakauza, basi. Yeye aliendelea kufukua mpaka mwaka 1863, akafungua makaburi 980, na kwa kila kaburi akaandika: nani amelala upande gani, bangili iko mkono upi, chungu kimewekwa wapi. Akahakikisha na michoro ya rangi inachorwa. Kwa sababu ya makaburi yale, kipindi kizima cha mwanzo wa zama za chuma katika Ulaya ya kati, takriban 800 hadi 450 KK, wataalamu wanakiita zama za Hallstatt. Mswidi Hans Hildebrand ndiye aliyelipendekeza jina hilo mwaka 1874. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia wa Ufaransa, wa Slovenia au wa Ujerumani analisoma jina la kijiji hiki darasani kabla hajaiona picha yoyote ya simu. Mwambie shemeji hilo.

Mifupa yenyewe ina mengi ya kusema. Alama za misuli zinaonyesha kazi nzito ileile ikirudiwa miaka na miaka: mikono ya wanaume ya kupiga sururu, mabega ya wanawake ya kubeba. Na watoto nao wamechakaa shingo na viungo wakiwa bado wadogo. Lakini watu hao hao walizikwa na shaba, kaharabu (utomvu wa miti wa kale uliogeuka kito) na panga. Hawakuwa watumwa waliotupwa shimoni. Ilikuwa ni jamii nzima, baba, mama na watoto, inayoishi kwa mgodi, na iliyotajirika nao.

Mlima uliwafukia zaidi ya mara moja. Maporomoko makubwa ya udongo yalimaliza uchimbaji wa zama za shaba, na mengine yakaja kuufunika mgodi wa zama za chuma katika karne ya 4 KK. Mwaka 1734 wachimbaji walikuta mwili wa mwenzao wa kale umebanwa ndani ya mwamba wa chumvi, ngozi na nguo vikiwa bado viko. Wakamtoa, wakamzika. Wakati ule hapakuwa na wa kumpima.

Zama za Warumi nitazipita haraka, si kwamba hazipo; ndani ya duka moja la vifaa vya michezo kijijini, wenyewe walipochimba chini ya jengo walikutana na mabaki ya kale, wakayaacha wazi, na ukishuka ngazi utayaona yametulia chini ya viatu vya kupandia milima.

Karne ya 13 chumvi ilirudi kuwa jambo la wafalme. Mwaka 1284 mtawala Albrecht wa ukoo wa Habsburg alijenga mnara kule bondeni kuulinda mgodi, kwa sababu askofu mkuu wa Salzburg, aliyekuwa na chumvi yake Hallein, hakufurahia mshindani. Huo ndio Rudolfsturm, ule ule alioishi Ramsauer, na siku hizi ni mgahawa. Albrecht alipokufa, mjane wake Malkia Elisabeth ndiye aliyeupanga mgodi upya na mwaka 1311 akakipa kijiji haki ya kuwa na soko. Mimi humtaja kila ninapoongoza wageni, kwa sababu mawe na minara yana majina ya wanaume, wakati mpango wa kazi uliodumu karne nyingi ulitoka kwa mwanamke huyu.

Sasa hapa ndipo mama mkwe atakapokatiza maelezo yenu na kuanza kuwaelekeza ninyi. Uvinza maji yenyewe hupita chini kwenye chumvi, yakaibuka kama chemchemi, na watu wakayachemsha kwenye vyungu kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Mjerumani kufika na masufuria yake ya chuma. Hallstatt hakukuwa na chemchemi ya kutosha, basi wakalazimisha: wakayaingiza maji matamu ndani ya mlima, wakayaacha yayeyushe chumvi wiki kadhaa, kisha wakayashusha kwa mabomba hadi kwenye sinia za kuchemshia. Ni kanuni moja. Na tatizo likawa moja: kuni. Muulize mama miti ilikwenda wapi kule kwao. Hallstatt misitu ya jirani ilielemewa, na badala ya kuzisafirisha kuni kuifuata chumvi, waliamua kuyasafirisha maji ya chumvi kuzifuata kuni. Kati ya mwaka 1595 na 1607 walilaza bomba la magogo yaliyotobolewa katikati, magogo kama 13,000, kutoka mgodini hadi Ebensee, umbali wa kilomita 40, likiteremka taratibu kwa mvuto wa maji peke yake. Hakuna pampu. Mwaka 1757 penye bonde la mto Gosau wakajenga daraja refu juu ya nguzo za mawe ili bomba lisipoteze mteremko wake. Maji ya chumvi ya Hallstatt yanaendelea kwenda Ebensee hadi leo, ingawa mabomba si ya magogo tena. Hilo bomba ndilo ninalolivulia kofia kuliko jengo lolote kijijini, na cha ajabu hakuna anayelipiga picha.

Nigeukie kijiji chenyewe, nikianza na ule ufinyu. Mlima unashuka wima hadi majini; ziwa nalo lina kina cha mita 125. Katikati pamebaki ukanda wa ardhi ambao nyumba zimepandana juu yake kama viti vya uwanja wa mpira, paa la huyu likiwa usawa wa mlango wa yule. Bustani hakuna, kwa hiyo mti wa matunda unapandwa ukutani: utaona mpea umebanwa kwenye ukuta wa nyumba, matawi yamefungwa kushoto na kulia kama mtu aliyenyoosha mikono. Njia ya zamani ya juu ilikuwa inapita katikati ya nyumba za watu, kwenye dari zao. Vinginevyo ulikwenda kwa mashua. Barabara ya kuingia kijijini ilipasuliwa kwenye mwamba mwaka 1890 tu. Reli ilikuwa imeshafika mwaka 1877, ila upande wa pili wa ziwa, maana upande huu haikupata pa kukaa. Ndiyo sababu mpaka leo unashuka kwenye treni porini, unateremka njia fupi hadi gatini, na boti inaitwa Stefanie inakuvusha. Kijiji kinakuja kidogo kidogo mbele yako. Hicho ndicho alichokiona mama kwenye picha, na kwa dakika zile chache mwacheni tu, msimweleze kitu.

Kwenye picha hiyo kuna mnara mwembamba wenye ncha kali, karibu kabisa na maji. Watu wengi hudhani ni wa kanisa kuu la kale. Ni wa Walutheri, na umri wake ni wa mwaka 1863. Usiudharau kwa ujana wake. Wachimbaji wa chumvi walikuwa wameipokea dini ya Luther tangu karne ya 16, na wafalme wa Habsburg walikuwa Wakatoliki. Mwanzoni mwa karne ya 17 wachimbaji wa eneo hilo waliasi kwa ajili ya dini yao, wakazimwa kwa nguvu. Wakabaki wakisali kwa siri majumbani, vitabu vimefichwa. Mwaka ule ule wa 1734 alipotolewa yule mtu wa ndani ya chumvi, Mfalme Karl wa Sita alianza kuwahamisha kwa lazima familia za Walutheri wa Salzkammergut, yaani eneo hilo lote la chumvi, wakasombwa kwa mashua hadi Transylvania, ambayo leo iko Romania. Mwaka 1781 Joseph wa Pili aliwaruhusu kusali, lakini kwa masharti: nyumba yao ya ibada isiwe na mnara, isiwe na kengele, na mlango usielekee barabarani. Uhuru kamili ulikuja mwaka 1861. Miaka miwili baadaye mnara ule ukawa umesimama. Nami niliyelelewa kwenye usharika wa Kilutheri wa Moshi, kila boti inapokaribia gati huwa nautazama ule mnara kwanza. Mtu aliyekatazwa mnara miaka yote hiyo, akiruhusiwa, haujengi mfupi.

Kanisa la Wakatoliki liko juu, limejishika kwenye mwamba, na ni la mwanzoni mwa karne ya 16. Ndani mna altare ya mbao yenye mabawa yanayofungwa na kufunguliwa, kazi ya mchongaji Leonhard Astl. Bikira Maria yuko katikati, upande mmoja Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji wa migodi, upande wa pili Mtakatifu Katarina, ambaye wakata miti walimfanya wao. Wachimbaji na wakata kuni, kulia na kushoto: uchumi mzima wa kijiji umewekwa altareni.

Nyuma ya kanisa hilo kuna kikanisa kidogo cha Mtakatifu Mikaeli, na chini yake chumba cha mifupa. Mwandae mama kabla hamjafika, maana nimeona wageni wengi wa kwetu wakisita mlangoni, na nawaelewa. Makaburini pale juu ni kama ukubwa wa ua wa nyumba, hapapanuki. Kwa hiyo baada ya miaka 10 au 20 kaburi lilifunguliwa ili kumpisha marehemu mwingine. Fuvu lilioshwa, likaanikwa nje wiki kadhaa hadi likawa jeupe, kisha likachorwa: msalaba, jina, mwaka wa kufa, na taji la maua au majani kuzunguka paji, waridi, mwaloni, mtambaa. Yapo zaidi ya 1,200, na kama 610 yamechorwa, yamepangwa kwa ukoo, mume karibu na mke, watoto karibu na wazazi. La mwisho liliingizwa mwaka 1995, la mwanamke aliyefariki 1983 na kuacha wosia kwamba awekwe humo. Utalitambua kwa jino la dhahabu. Desturi ilififia watu walipoanza kuchagua kuchomwa baada ya kufa. Mimi huwaambia wageni wangu wasome majina kwanza kabla ya kutazama mifupa. Ukishasoma jina moja la ukoo mara saba kwenye rafu moja, hofu inapungua. Unaona ni watu waliokataa kutenganishwa kwa kukosa nafasi.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Linz mnabadilisha treni Attnang-Puchheim. Ondokeni na treni ya mapema kabisa. Shemeji yako ana haki kwa jambo moja: kijiji kina wakazi chini ya 800, na siku za kilele kinapokea wageni kufikia 10,000. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni pale gatini ni kama stendi ya mabasi siku ya sikukuu. Wenyeji wamechoka, mwaka 2023 halmashauri iliweka hata uzio wa mbao mahali pa kupigia picha ili kuziba mandhari, kisha wakautoa. Watu wanaishi mle ndani. Mmoja akiwa anaanika nguo mgeni anampiga picha. Msichungulie madirishani, na mkimsabahi mtu kwa "Grüß Gott" mtaona uso unabadilika.

Mkifika, anzeni juu. Kuna reli ya kupandia mlima inayovutwa kwa waya. Angalieni kabla ya kuondoka kama iko kazini, maana hufungwa kwa matengenezo. Ukifika kileleni kuna daraja la kwenda kwenye Rudolfsturm, na jukwaa la kutazamia kijiji kutoka juu, lililofunguliwa mwaka 2013. Kutoka hapo njia ya bondeni inapita kwenye eneo la makaburi ya Ramsauer, na mama anaweza kwenda polepole hadi atakapochoka. Ziara ya ndani ya mgodi ni nzuri mno, na ile ngazi ya kale imewekwa humo, lakini ina mwendo mrefu na vidato vingi, baridi ni ya nyuzi 8 hivi majira yote, na mnashuka kwa kuteleza juu ya magogo yaliyolainishwa, kama wachimbaji walivyokuwa wakishuka. Mtelezo mrefu zaidi una mita 64. Pembeni kuna ngazi kwa asiyetaka kuteleza, ila kwa goti bovu ngazi ndiyo mbaya zaidi. Wewe umjue mkweo. Nimewahi kumwona bibi wa miaka 70 akiteleza huku anacheka, na kijana wa miaka 20 aking'ang'ania ngazi. Mkiona haiwezekani, jumba la makumbusho la kijijini lina vitu vya mgodini na vya makaburini, na liko tambarare kabisa.

Kanisa la juu na chumba cha mifupa vina ngazi, hakuna ujanja. Pandeni mchana mkiwa mmeshakula, pumzikeni kila kona. Baada ya hapo kaeni uwanja wa soko, mama anywe chai. Akitaka zawadi, msinunue vile vifuko vya chumvi vya maduka ya gatini kabla hajaonja. Ana haki ya kuipima na ya kwao.

Boti hufuata saa za treni, kwa hiyo ulizeni ile ya mwisho mnapofika asubuhi, si jioni.

Na mkipata siku ya pili, mkiwa Vienna, nendeni kwenye jumba la makumbusho ya historia ya asili, Naturhistorisches; kwa kawaida Jumanne wanafunga. Vitu vingi bora vya Hallstatt viko huko. Tafuteni upanga wa kaburi namba 573. Bapa lake limeliwa na kutu, lakini mpini ni wa pembe ya ndovu iliyopambwa kwa kaharabu. Kaharabu ilitoka pwani ya bahari ya Baltiki, kaskazini. Ndovu hawakuwahi kuishi kwenye milima ile katika zama hizo, kwa hiyo pembe ilipita mikono mingi hadi ikafika kwa mwenye mgodi, naye akailipia kwa chumvi. Mama mkwe anatoka mahali ambapo misafara ya pembe kati ya Ujiji na Tabora ilikuwa ikisimama kununua chumvi. Mwambieni asome kibandiko, kisha mkae kimya mumsikilize.